Ujima wa Maji: Habari za Matuta ya Uholanzi

Katika vijiji vyetu kazi ya ujima si jambo geni. Mtu atakaye kulima shamba kubwa au kuezeka nyumba huwaita jirani zake, nao huja na majembe yao, na siku ya pili yeye naye huenda kwao. Lakini ujima wa namna hiyo ni wa siku moja au mbili, kisha kila mtu hurudi kwake. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za ujima uliodumu miaka 900 na zaidi, wala haujaisha hata sasa, maana siku utakapoisha nchi yenyewe itazama. Huo ni ujima wa Waholanzi wa kuzuia maji. Hatuisimulii habari hii ili kuwasifu wageni. Twaisimulia kwa kuwa wengi wetu hukaa kando ya mito ifurikayo, kama Tana, Nzoia na Rufiji, nao wajua maana ya kuamshwa usiku na maji yakiwa yamekwisha kuingia nyumbani.

Kwanza na tuitazame nchi yenyewe. Uholanzi ni nchi ndogo katika Ulaya, kando ya Bahari ya Kaskazini. Mito mikubwa mitatu, Rhine, Maas na Schelde, huishia pale na kumwaga maji yake baharini. Karibu robo moja ya nchi iko chini ya usawa wa bahari, na mahali pengine mtu asimamapo shambani, bahari iko juu ya nyayo zake mita 6 na zaidi. Basi watu wa huko wana maadui wawili: bahari mbele yao na mito nyuma yao. Na siku adui hao wawili wanapokutana, yaani mito ikiwa imejaa na upepo ukiisukuma bahari ndani, hapo hatari huwa kubwa mno.

Vilima vya kwanza

Watu wa kale wa pwani ile hawakuwa na matuta. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita walijenga vilima kwa udongo na samadi, wakaweka nyumba zao juu yake. Maji yalipojaa, kila kilima kilikuwa kisiwa. Yalipokupwa, watu walishuka na mifugo yao kwenda malishoni. Plinius, mwandishi wa Kirumi, aliiona pwani hiyo katika karne ya kwanza baada ya Kristo, akaandika kwamba watu wale walifanana na mabaharia maji yalipojaa, na maji yalipotoka walifanana na watu waliovunjikiwa na chombo. Vilima vingine vingaliko hata leo. Kilicho kirefu kuliko vyote kiko Hogebeintum, nacho kimeinuka karibu mita 9.

Lakini kilima humwokoa mtu na nyumba yake tu. Shamba lake hubaki majini. Kwa hiyo, tangu mwaka wa 1000 hivi, watu walianza kujenga matuta marefu ya udongo ili kuyazuia maji yasifike mashambani. Watawa nao walishiriki kazi hii katika Zeeland, kwa kuwa nyumba zao zilikuwa na mashamba makubwa karibu na bahari. Katika mwaka wa 1122 mto mmoja wa Rhine ulizibwa mahali paitwapo Wijk, na watu wa vijiji vya pale wakapata ardhi kavu ya kulima.

Hapa yafaa tueleze jambo moja ambalo watu wale hawakulijua mwanzoni. Ardhi yao nyingi ilikuwa udongo mweusi wa majani yaliyooza, uliojaa maji kama sifongo. Walipochimba mifereji na kuyatoa maji, udongo ule ulikauka, ukanywea, ukashuka. Kila walipozidi kuikausha, ndivyo ilivyozidi kushuka, hata shamba lililokuwa juu ya mto likawa chini ya mto. Basi tuta likahitaji kuinuliwa tena, na tena. Kazi waliyoianza kwa hiari iligeuka kuwa kazi isiyoweza kuachwa. Aliyelima juu ya tuta la baba yake hakuwa na njia ila kuliongeza.

Sheria ya tuta

Je, ni nani atakayelitunza tuta? Mtu mmoja hawezi, na mfalme alikuwa mbali. Kwa hiyo vijiji vilivyokuwa nyuma ya tuta moja viliungana vikafanya baraza la maji. Mwaka wa 1255 Willem wa Pili, mtawala wa Holland, alitoa hati ya kuwatambua wasimamizi wa maji wa Rijnland, na baraza hilo lingaliko mpaka leo. Kila baraza lilikuwa na mkuu wa tuta pamoja na wazee wa kumsaidia.

Desturi yao ilikuwa hivi. Tuta lote lilipimwa na kukatwa vipande, na kila mwenye shamba alipewa kipande chake kwa kadiri ya ukubwa wa shamba lake. Mkuu wa tuta na wazee walitembea juu ya tuta kwa siku zilizowekwa, wakitazama kila kipande. Wakiona shimo la panya, au ufa, au majani yaliyochakaa, mwenyewe alionywa. Wakirudi wakakuta hajatengeneza, walitengeneza wao, na yeye alilipa gharama mara mbili. Wakati wa hatari, ugomvi wowote juu ya tuta ulikatazwa kabisa, na aliyepigana pale alipata adhabu kali, maana watu wagombanao hawawezi kubeba udongo.

Na aliyeshindwa kabisa kutunza kipande chake? Huyo alichukua sepetu yake akaichomeka katika tuta, akaenda zake. Kwa tendo hilo aliiacha nyumba yake na shamba lake. Yeyote aliyekuja akaing'oa sepetu ile alipata shamba, pamoja na mzigo wa tuta. Sheria hii twaiona kuwa ngumu, nayo ilikuwa ngumu kweli. Maskini aliyefiwa na ng'ombe au kupatwa na ugonjwa aliweza kupoteza urithi wa wazee wake kwa siku moja. Lakini sababu yake ilikuwa wazi: maji hayaulizi kipande hiki ni cha nani. Yakipata mahali pamoja palipolegea, huwazamisha wote, mwenye bidii na mvivu pamoja.

Pia ilikuwako kanuni ya haki: anayedhuriwa na maji ndiye alipaye, na alipaye ndiye mwenye neno barazani. Hata hivyo tusiseme kwamba haki yao ilikuwa kamili. Mwenye ardhi nyingi alikuwa na sauti kubwa, na asiye na ardhi hakuwa na sauti, ingawa gharika ilimchukua yeye kwanza.

Gharika ya mwaka wa 1421

Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Waholanzi walijifunza neno hilo kwa machozi. Mwezi wa Desemba 1287 bahari iliingia kaskazini ikaua watu makumi ya maelfu. Tena usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Novemba 1421, wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Elizabeti, dhoruba ilivunja matuta ya Grote Waard karibu na mji wa Dordrecht.

Nchi ile ilikuwa ya mashamba mazuri. Lakini kwa miaka mingi wakuu wake walikuwa wamegawanyika makundi mawili yaliyopigana, na fedha zilizotakiwa kwa matuta zilipotea vitani. Zaidi ya hayo, watu walikuwa wakichimba udongo mweusi karibu na matuta ili kuuchoma na kupata chumvi ya kuuza. Kila mmoja alichimba kidogo tu, akiona faida yake, na tuta likadhoofika kutoka chini. Maji yalipokuja hayakuwa na kazi kubwa. Vijiji vilizama, maelfu ya watu walikufa, na Dordrecht ukabaki kisiwa. Sehemu kubwa ya mashamba yale haikurudi kuwa shamba. Leo ni vinamasi na matete, nayo yaitwa Biesbosch.

Wazee wa huko husimulia kwamba baada ya gharika watu waliona kitanda cha mtoto kikielea juu ya maji, na ndani yake mtoto mchanga pamoja na paka. Kitanda kilipoinama upande huu paka aliruka upande wa pili, na hivyo kikafika salama penye tuta. Ni hadithi tu, lakini twaiona kuwa hadithi ya nchi nzima.

Baada ya misiba ya namna hii mabaraza mengi, polepole na kwa mabishano, yaliiacha desturi ya vipande. Badala ya kila mtu kutunza pake, walitoza kodi kwa wote, wakaajiri mafundi, na tuta lote likawa la wote. Ndipo yule maskini mwenye kipande kigumu, penye mkondo mkali, alipata nafuu, maana zamani yeye alibeba mzigo mzito kwa usalama wa jirani zake wasiobeba kitu.

Vinu, na mdudu mdogo

Tuta huzuia maji ya nje, lakini maji ya mvua hubaki ndani. Katika karne ya 15 Waholanzi walianza kutumia vinu vya upepo kuyatoa. Kinu kimoja hakiwezi kuinua maji sana. Kwa hiyo penye kina walivipanga kama ngazi, cha kwanza kikiinua maji mpaka mfereji wa pili, na kingine kikiyapokea na kuyapandisha tena, mpaka yafike mtoni. Kwa njia hiyo wafanyabiashara wa Amsterdam waliungana kwa fedha zao kulikausha ziwa la Beemster. Mwaka wa 1610, kazi ikiwa karibu kwisha, dhoruba ilipasua tuta na ziwa likajaa upya. Hawakuvunjika moyo. Waliliongeza tuta, wakazidisha vinu hata vikapita 40, na mwaka wa 1612 ziwa likawa nchi kavu. Baadaye, kati ya mwaka wa 1849 na 1852, ziwa kubwa zaidi la Haarlemmermeer, lililokuwa likitishia Amsterdam na Leiden, lilikaushwa kwa pampu tatu za mvuke.

Lakini adui mwingine alikuja bila kelele. Kuanzia mwaka wa 1731 walinzi wa matuta waliona nguzo za mbao zilizokinga udongo baharini zikivunjika kama biskuti. Walipozitazama waliona zimetobolewa ndani na mdudu wa baharini, yule yule ambaye mabaharia wa pwani yetu humjua, na ambaye kwa ajili yake hupaka majahazi deheni. Mbao zote za pwani zilikuwa hatarini. Waliziondoa, wakaagiza mawe kwa merikebu kutoka nchi za nje, kwa kuwa kwao hakuna mawe, wakayapanga mteremko mbele ya matuta. Gharama ilikuwa kubwa mno, hata mabaraza mengine yakashindwa kuibeba peke yao. Mwaka wa 1798 serikali ilianzisha idara ya maji ya nchi nzima, ili mabaraza yapate msaada katika kazi zipitazo nguvu zao.

Baada ya gharika ya Januari 1916, bunge lilipitisha sheria mwaka wa 1918 ya kuifunga ghuba ya Zuiderzee, kwa mpango wa mhandisi Cornelis Lely. Tuta lenye urefu wa kilometa 32 lilifungwa tarehe 28 Mei 1932. Lely mwenyewe hakuliona likikamilika, maana alifariki mwaka wa 1929. Ghuba ikageuka kuwa ziwa la maji baridi, na wavuvi wake wakapoteza samaki wa chumvi. Serikali iliweka sheria mwaka wa 1925 ya kuwasaidia, lakini ni wazi kwamba usalama wa wengi ulinunuliwa kwa hasara ya wachache.

Usiku wa mwaka wa 1953

Yeyote aliyeyasoma haya atadhani kwamba sasa Waholanzi walikuwa salama. Wao nao walidhani hivyo. Lakini kusini, katika Zeeland na sehemu za jirani, matuta yalikuwa ya chini, tena membamba upande wa nyuma. Yalisimamiwa na mabaraza madogo madogo mengi. Katika nchi nzima yalikuwa yapata 2,600, na mengine hayakuwa na fedha wala mafundi. Mhandisi Johan van Veen alikuwa ameonya kwa miaka kadhaa kwamba matuta hayatoshi. Lakini vita ilikuwa imekwisha juzi tu, nyumba na madaraja vilihitaji kujengwa, na onyo lake likawekwa kando.

Jumamosi tarehe 31 Januari 1953 upepo mkali wa kaskazini-magharibi uliisukuma bahari, na usiku ule ulikuwa usiku wa bamvua. Redio haikutangaza usiku, na watu wengi walilala bila kujua. Maji yalipanda, yakamwagika juu ya matuta, yakala udongo wa mteremko wa nyuma, ule usiokingwa kwa mawe. Hivyo matuta mengi hayakuvunjwa kifuani bali mgongoni. Watu 1,836 walikufa katika Uholanzi, na Uingereza nako zaidi ya 300. Watu yapata 72,000 walihamishwa, na mifugo ilikufa maelfu kwa maelfu.

Asubuhi ile tuta la mto Hollandse IJssel lilitoboka karibu na kijiji cha Nieuwerkerk. Nyuma ya tuta lile iko Holland ya Kusini, nchi ya chini kuliko zote, yenye watu wengi mno. Kwa amri ya meya, nahodha Arie Evegroen aliiendesha mashua yake ya mizigo, De Twee Gebroeders, yaani Ndugu Wawili, moja kwa moja ndani ya tundu. Mashua ikalala kuziba kama mlango, na watu wakapata nafasi ya kushindilia magunia ya mchanga. Kwingine wavuvi walikuja na mashua zao kuwatoa watu juu ya mapaa kabla msaada wa serikali haujafika. Nchi za Norwei, Sweden, Denmark na Finland zilituma nyumba za mbao kuwa zawadi. Tundu la mwisho, la Ouwerkerk, lilizibwa Novemba ya mwaka ule ule.

Wiki tatu baada ya gharika serikali ilikwisha kuunda tume, na mwaka wa 1958 sheria ikapitishwa ya kufunga milango ya bahari kusini. Kazi hiyo iliendelea mpaka mwaka wa 1997. Walipofika mlango wa Oosterschelde, wavuvi wa chaza na kome walikataa, wakikumbuka yaliyowapata wenzao wa Zuiderzee. Walishindana miaka mingi. Mwishowe ilikubaliwa mwaka wa 1976 kwamba mlango usizibwe kabisa, bali uwekewe malango ya chuma 62 yanayobaki wazi siku zote na kushushwa wakati wa dhoruba tu. Ulifunguliwa rasmi tarehe 4 Oktoba 1986. Gharama iliongezeka sana, lakini maji hupwa na kujaa kama zamani, na chaza wangaliko. Mabaraza madogo nayo yaliunganishwa mara nyingi, hata leo yamebaki 21. Watu huyachagulia wajumbe kila miaka minne, na kila nyumba hulipa kodi yake ya maji.

Kurudi kilimani

Neno la mwisho ni la mito. Januari na Februari 1995 mito ilijaa hata watu 250,000 wakahamishwa pamoja na mifugo yao. Matuta hayakuvunjika, lakini Waholanzi walitambua kwamba hawawezi kuyainua daima, maana tuta likizidi urefu, siku lipasukapo msiba nao huzidi. Basi wakaamua kuurudishia mto nafasi yake. Mahali zaidi ya 30 walisogeza matuta nyuma au kuchimba njia za maji.

Katika bonde la Overdiep ilitakiwa shamba zima liachwe lifurikwe wakati wa hatari. Wakulima wa pale hawakungoja kufukuzwa. Walileta mpango wao wenyewe: tuta la zamani lishushwe, na kando ya tuta jipya vijengwe vilima, na juu yake nyumba na mazizi. Hivyo vikajengwa vilima 8. Familia nyingine zilihama, na kuhama huko kuliuma; lakini waliobaki walibaki kwa shauri lao. Angalieni basi: baada ya miaka 2,000 watu wale wamerudi kilimani kama wazee wao.

Tumeyasema haya kwa urefu kwa sababu yanatuhusu. Hatuna fedha za malango ya chuma, wala kila mto haufai kujengewa tuta. Lakini yale yaliyowaokoa Waholanzi kwanza hayakuwa chuma. Yalikuwa daftari la vipande, wazee watembeao juu ya tuta, na kodi ndogo iliyolipwa hata katika mwaka wa ukame. Na yale yaliyowaangamiza yalikuwa ugomvi wa wakuu, kuchimba udongo penye tuta kwa faida ya mtu mmoja, na onyo lililowekwa kando kwa kuwa mvua bado haijanyesha. Serikali ikitujengea tuta, bila shaka tushukuru. Lakini tusiseme kwamba tuta ni la serikali. Siku maji yajapo, serikali iko mjini. Sisi ndio tulio nyuma ya tuta. Na tuwaulize pia wale ambao shamba lao litachukuliwa, wala tusiwahesabu kuwa wakaidi, kwa maana wao ndio walipao kwanza.

Basi kila kijiji kilicho kando ya mto na kijiulize wakati huu wa kiangazi: ni nani aliyepita juu ya tuta letu mwaka huu, naye aliona nini?